Mendel na Minji Yake

Wenzangu, muhula uliopita nilianguka Bayolojia nikataka kuiacha. Ndipo nikasoma habari za Gregor Mendel. Alizaliwa mwaka wa 1822 katika jamii ya wakulima, akawa mtawa mjini Brno. Alijaribu mtihani wa ualimu mara mbili, asifaulu. Lakini wapi, hakukata tamaa! Kuanzia 1856 alichavusha mimea mirefu ya minji kwa mifupi. Kizazi cha kwanza chote kikawa kirefu. Cha pili, mirefu mitatu kwa kila mfupi mmoja. Kumbe ufupi haukupotea, ulijificha tu! Alichapisha matokeo 1866, wachache wakayajali. Alifariki 1884; sifa zikamfikia kaburini mwaka wa 1900. Basi nami Bayolojia siiachi ng'o!