Paul Preuss, Mpanda Milima

Katika milima ya Alps viko vilele vya mawe ya chokaa vilivyosimama wima kama kuta za nyumba. Napenda kuwasimulia habari za mtu aliyevipanda kwa mikono mitupu, maana maisha yake yanatuuliza swali: je, yafaa mtu kuanza jambo asiloliweza kwa nguvu zake mwenyewe?

Paul Preuss alizaliwa Altaussee, nchi ya Austria, mwaka 1886. Baba yake alikuwa mwalimu wa muziki. Alipokuwa mtoto alipatwa na maradhi yaliyompooza mwili, hata kwa muda hakuweza kutembea. Alipopata nafuu akaanza kuzunguka milimani, na miguu yake ikapata nguvu. Baadaye alisoma elimu ya mimea, akapata shahada ya udaktari huko Munich.

Siku zile wapandaji walikuwa wameanza kupigilia misumari ya chuma katika mawe na kujivutia kwa kamba. Preuss hakupendezwa. Mwaka 1911 aliandika kwamba mtu asipande mahali asipoweza kushuka mwenyewe. Kamba na msumari ni akiba ya saa ya hatari, wala si ngazi. Wapandaji hodari walimpinga, wakihofu kwamba vijana watamfuata wafe.

Yeye alitenda aliyoyasema. Mwezi wa Julai mwaka ule ule alipanda Totenkirchl, mlima wa chokaa wenye sifa mbaya, kwa upande wake wa magharibi. Alikuwa peke yake, na hakutimiza saa tatu.

Tarehe 3 Oktoba 1913 alikwenda tena peke yake, akajaribu kupanda Manndlkogel kwa upande wa kaskazini. Akaanguka zaidi ya mita 300, akafa. Umri wake ulikuwa miaka 27. Maiti yake ilionekana baada ya siku nyingi, imefunikwa na theluji.

Wako wasemao kwamba kifo hicho kilivunja mafundisho yake. Mimi nakubali kwamba mwenzi na kamba pengine vingalimwokoa. Lakini hakufundisha ujasiri wa kipumbavu. Alifundisha mtu ajipime kwanza, na uwezo wake uizidi kazi anayoianza. Wapandaji wengi wa leo hujifunga kamba, na ni vema. Hata hivyo kujipima huko hakuna kamba iwezayo kukufanya badala yao.