Emma Goldman: Mwanamke Aliyepokonywa Nchi

Miongoni mwa watu waliouhoji uhalali wa dola na mipaka yake, ni wachache walioulipia msimamo huo kwa gharama kubwa kama Emma Goldman. Alizaliwa tarehe 27 Juni, 1869, mjini Kovno, katika himaya ya Urusi (leo Kaunas, nchini Lithuania), katika familia ya Kiyahudi. Mnamo mwaka wa 1885 alihamia Marekani pamoja na dadake Helena, wakalowea mjini Rochester, ambako alishona nguo kiwandani kwa ujira duni. Mwaka wa 1887 aliolewa na Jacob Kershner, mhamiaji mwenzake aliyekuwa amepata uraia. Kwa mujibu wa sheria ya wakati huo, mke alifuata uraia wa mumewe. Ndoa hiyo haikudumu, lakini ilikuja kuamua hatima yake.

Mwaka uo huo, wanaume wanne walinyongwa mjini Chicago kufuatia kesi ya bomu la Haymarket, ilhali aliyelirusha hakutambulikana. Tukio hilo ndilo lililomvuta Goldman kwenye uanarki, yaani itikadi inayoshikilia kwamba jamii yaweza kujiendesha kwa hiari na ushirikiano bila kushurutishwa na dola. Itikadi hiyo haikumwepusha na lawama. Mnamo 1892 alishiriki katika njama ya mwandani wake, Alexander Berkman, ya kumuua tajiri Henry Clay Frick. Frick alinusurika, naye Berkman akafungwa miaka 14.

Rais William McKinley alipouawa mwaka wa 1901, Goldman alikamatwa, kisha akaachiliwa kwa kukosekana ushahidi. Muuaji, Leon Czolgosz, alikuwa mzaliwa wa Marekani. Hata hivyo, sheria ya uhamiaji ya 1903 iliwafungia mlango waanarki kutoka ng'ambo. Mwingereza John Turner alipokamatwa kwa mujibu wa sheria hiyo, Goldman alikuwa mstari wa mbele kuandaa utetezi wake. Lakini mwaka wa 1904 Mahakama ya Juu iliamua kwamba serikali ina mamlaka ya kumfukuza.

Kwa Goldman, kesi hiyo ilidhihirisha kwamba mpaka huchuja fikra za watu sawa na unavyochuja miili yao. Katika jarida lake *Mother Earth*, alilolianzisha mwaka wa 1906, na katika insha zake, alishikilia kwamba uzalendo huwagombanisha wafanyakazi wasio na ugomvi wowote, huku mtaji ukivuka mipaka utakavyo.

Dola nayo haikulala. Mnamo 1909 uraia wa Kershner ulibatilishwa kwa hoja kwamba ulipatikana kwa udanganyifu. Hivyo, pasipo Goldman mwenyewe kushtakiwa, msingi wa uraia wake ukang'olewa. Mwaka wa 1917 alifungwa miaka miwili kwa kupinga watu kulazimishwa kujiunga na jeshi. Alipotoka, tarehe 21 Desemba, 1919, alisafirishwa kwa meli ya Buford pamoja na wenzake 248, baada ya kuishi Marekani kwa miaka 34.

Urusi ya Wabolsheviki ilimpokea, ila hakuipata humo jamii huru aliyoitarajia. Baada ya uasi wa mabaharia wa Kronstadt kuzimwa kwa mtutu wa bunduki mnamo Machi 1921, aliondoka mwishoni mwa mwaka huo. Alitangatanga Uswidi, Ujerumani na Uingereza. Mwaka wa 1925 aliolewa na James Colton, mchimba makaa ya mawe wa Wales, ili apate pasipoti ya Uingereza. Yeye aliyekana mamlaka ya dola juu ya ndoa na juu ya safari alilazimika kutumia cheti cha ndoa ili aweze kusafiri. Wapo wanaouona huo kuwa ukinzani. Lakini ukinzani huo waonyesha jinsi mtu asivyoweza kuikwepa dola hata anapoikataa.

Mwaka wa 1934 Marekani ilimruhusu azuru kwa siku 90 tu. Alifariki dunia mjini Toronto tarehe 14 Mei, 1940. Ndipo serikali iliporuhusu mwili wake uingizwe nchini, akazikwa katika makaburi ya Waldheim, karibu na Chicago, jirani na wale walionyongwa mwaka wa 1887. Ruhusa ya kurejea na kubaki, aliyonyimwa kwa miaka 20 akiwa hai, ilitolewa alipokuwa hawezi tena kusema.