Maisha ya Gary Kildall

Wanafunzi wenzangu kadhaa wameniuliza kwa nini diski ya ndani katika kompyuta za Windows huitwa C, na A na B zimekwenda wapi. Jibu limo katika maisha ya Bwana Gary Kildall, nami nimeona niyasimulie hapa.

Alizaliwa mwaka 1942 katika mji wa Seattle, huko Marekani. Jamaa zake walikuwa na shule ya mabaharia, naye alifundisha humo kabla ya kuingia Chuo Kikuu cha Washington. Baadaye akawa mwalimu katika chuo cha jeshi la majini mjini Monterey, California.

Siku zile kompyuta ndogo ziliweka kazi zake katika utepe wa karatasi, nao ulikwenda polepole mno. Kildall akapata kiendeshi cha disketi, zile za inchi 8, ambazo kila moja ilichukua herufi robo milioni hivi. Lakini kiendeshi peke yake hakiwezi kusemezana na kompyuta. Kilikaa bure mpaka rafiki yake John Torode alipomtengenezea kifaa cha kuviunganisha, na mwaka 1974 programu yake ya CP/M ikaanza kufanya kazi.

Ninalomstahi zaidi lilikuja baadaye kidogo. Kila kiwanda kilikuwa na viendeshi vya namna yake, na kila mara ilibidi programu ibadilishwe. Kampuni ya IMSAI ilipoitaka CP/M, Kildall akaigawa. Sehemu kubwa ilishughulika na faili tu, haikujua kabisa disketi inazungukaje. Sehemu ndogo, aliyoiita BIOS, ndiyo iliyovijua viendeshi. Tangu hapo mtu akitaka kuongeza kiendeshi cha pili, alibadili ile sehemu ndogo tu, nacho kikaitwa B. Toleo la mwaka 1979 liliruhusu viendeshi 16, yaani kutoka A mpaka P.

Msidhani ni jambo dogo. Nimepata kunakili disketi katika mashine kuukuu yenye kiendeshi kimoja: unatia hii, unaitoa, unatia ile, unairudia ya kwanza, hata mkono unachoka. Mwenye viwili hutia programu katika A na barua zake katika B, akaandika kwa raha.

Mwaka 1980 watu wa IBM walimwendea, lakini hawakuafikiana, wakachukua programu ya Microsoft iliyofanana sana na yake. Watu husema aliwaacha wageni akaenda kujifurahisha na ndege yake. Naona wanamwonea, maana alikuwa safarini kwa shughuli za kampuni, na mambo ya biashara yalisimamiwa na mkewe, Dorothy. Baadaye CP/M nayo iliuzwa kwa mashine za IBM, kwa dola 240. Ile nyingine ilikuwa dola 40. Wanunuzi hawakusita.

Aliiuza kampuni yake mwaka 1991, akafariki mwaka 1994, umri wake miaka 52. Microsoft walikuwa wamezifuata herufi zake: A na B zikawa za disketi, na diski ya ndani ikapewa C. Kompyuta mpya hazina tena viendeshi vya disketi, wala hakuna aliyeisogeza C.