Ferdinand von Hebra, Tabibu wa Ngozi

Je, umepata kumwona mtu ajikunaye usiku kucha? Zamani matabibu wengi wa Ulaya walidhani kwamba upele hutokana na uchafu wa damu. Wagonjwa walinyweshwa dawa, wala hawakupona.

Ferdinand von Hebra alizaliwa mwaka 1816 mjini Brno. Alipokuwa daktari kijana katika hospitali kuu ya Vienna, nchini Austria, alipewa kazi ya kuwatunza wagonjwa wa ngozi. Hakuridhika na maneno ya vitabu. Alitwaa vidudu vya upele, akaviweka juu ya ngozi yake mwenyewe, naye akashikwa na upele. Mwaka 1844 alieleza kwamba vidudu hivyo ndivyo viletavyo ugonjwa, na kwamba dawa ya kupaka yatosha kuviua. Aliona pia kwamba kujikuna kwaweza kuleta ukurutu. Alifariki mwaka 1880.

Kumbuka basi: chunguza kwanza, ndipo useme. Upele huambukiza, pumu ya ngozi huwasha vilevile, lakini haiambukizi. Mwenzako akiwa nayo, usimkimbie. Keti naye, cheza naye, na umshauri aende zahanati.