Michael Faraday Apima Alichosoma

Michael Faraday alizaliwa London mwaka 1791, mtoto wa mhunzi. Nyumbani palikuwa na shida, na shuleni hakupata zaidi ya kusoma, kuandika na hesabu. Alipotimiza miaka 14 alipelekwa kwa Bwana Riebau kujifunza kazi ya kujalidi vitabu, akakaa huko miaka 7.

Vitabu alivyoshona mchana alivisoma jioni. Lakini kijana huyu alijijua kuwa ni mwepesi wa kusadiki: hadithi za Alfu Lela Ulela aliziamini sawa na vitabu vya elimu. Ndipo alipopata kitabu cha Isaac Watts (yule ambaye nyimbo zake twaziimba kanisani) kiwafundishacho vijana kusoma na kupambanua. Akaanza kuandika katika daftari, na kutaka ushahidi. Kitabu cha kemia cha Bibi Jane Marcet alikipima kwa majaribio madogo, kadiri ya fedha yake. Akaona ni kweli, akamheshimu bibi yule maisha yake yote.

Mwaka 1831 aligundua jinsi sumaku izaavyo umeme. Mwaka 1853 wengi walisadiki kwamba meza huzungushwa na pepo. Faraday akatengeneza kifaa kilichoonyesha kwamba ni mikono yao wenyewe iliyosukuma, wala hawakujua. Aliwafundisha vijana wakati wa Krismasi kwa miaka 19, akifanya majaribio mbele yao wajionee.