Thomas Cranmer, Askofu Mkuu na Shahidi

Tarehe 21 Machi makanisa mengi ya Kianglikana humkumbuka Thomas Cranmer. Twamjua kwa Kitabu cha Sala, na twamhesabu kuwa shahidi wa imani. Lakini maisha yake hayakuwa ya ushujaa tangu mwanzo, na yafaa tuyajue yote.

Alizaliwa mwaka 1489 katika kijiji cha Aslockton, Uingereza, akawa mwalimu wa elimu ya dini huko Cambridge. Siku zile Mfalme Henry VIII alitaka kumwacha mkewe, Catherine wa Aragon, kwa kuwa hakupata kwake mtoto wa kiume aliyekua. Papa hakukubali. Mwaka 1529 Cranmer alishauri kwamba wataalamu wa vyuo vikuu waulizwe. Shauri hilo lilimpendeza mfalme, na mwaka 1533 mtu huyu mpole akawekwa kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Mwezi Mei mwaka huo akatangaza kuwa ndoa ile ni batili.

Cranmer aliamini kwa moyo wote kwamba mfalme amewekwa na Mungu, na kumtii ni kumtii Mungu. Ndipo taabu zake zilipoanzia. Malkia Anne Boleyn alikuwa mlinzi wake. Aliposhtakiwa mwaka 1536, Cranmer alimwandikia mfalme barua ya kumtetea, kwa hofu nyingi. Lakini siku mbili kabla Anne hajakatwa kichwa, alitangaza ndoa yake nayo kuwa batili. Mwaka 1540 rafiki yake Thomas Cromwell, waziri wa mfalme, alikamatwa. Cranmer akamwombea kwa barua tena, kisha barazani hakupinga hukumu ya kifo.

Tusidhani kwamba hakufanya jema. Mfalme alipokufa mwaka 1547, mwanawe mdogo Edward alitawala, na Cranmer akapata nafasi. Mwaka 1549 akatoa Kitabu cha Sala kwa Kiingereza, ili watu wamwabudu Mungu kwa lugha wanayoielewa.

Edward alifariki mwaka 1553. Malkia Mary, binti wa yule Catherine, akashika ufalme, akataka kuirudisha nchi chini ya Papa. Cranmer alihukumiwa kwa uhaini, kisha kwa uzushi. Hapo mafundisho yake mwenyewe yalimnasa. Alikuwa amefundisha kwamba mtawala atiiwe. Sasa mtawala amwagiza amtii Papa. Afanye nini? Akiwa kifungoni Oxford aliona maaskofu wenzake, Ridley na Latimer, wakichomwa moto mwaka 1555. Akiwa mzee, peke yake, tena mwenye hofu, akatia sahihi hati sita za kuikana imani yake. Hata hivyo malkia hakumsamehe.

Tarehe 21 Machi 1556 aliletwa katika kanisa la Mtakatifu Maria, Oxford, akiri makosa yake mbele ya watu kabla ya kuuawa. Wote walitazamia akane tena. Badala yake alizikana zile hati, akasema aliziandika kwa kuogopa kifo, na kwamba mkono uliotia sahihi utaungua kwanza. Akaburutwa kutoka kanisani hadi motoni. Moto ulipowaka, akaunyosha mkono wake wa kuume ndani yake, akaushikilia pale.

Mwaka 1559, chini ya Malkia Elizabeth, Kitabu cha Sala kilirudishwa. Sala ya unyenyekevu tunayoisali kabla ya kuijongea Meza ya Bwana ni utunzi wake.

Wapendwa, Cranmer hakuanguka siku moja. Alijikwaa kidogo kidogo, kila mara akiwa na sababu njema: kutii, kulinda kazi ya Kanisa, kuokoa maisha. Nasi kazini, barazani na hata katika halmashauri ya kanisa twaombwa kutia sahihi au kunyamaza. Tumheshimu mwenye mamlaka, lakini dhamiri ni ya Mungu. Na aliyekwisha kukana asikate tamaa. Petro alikana mara tatu, Cranmer mara sita, na Bwana hakumtupa hata mmoja wao.