George Beadle: Mwana wa Mkulima Aliyeihoji Kuvu

Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii inaafiki maisha ya George Wells Beadle, mtaalamu wa jenetiki ambaye hakuitafuta siri ya urithi wa viumbe kwa mnyama mwenye fahari wala mti wenye kimo. Aliitafuta katika ukungu unaoota juu ya mkate, na huko ndiko alikoipata.

Beadle alizaliwa tarehe 22 Oktoba 1903 karibu na mji mdogo wa Wahoo, jimboni Nebraska, Marekani. Wazazi wake walikuwa wakulima wenye shamba la ekari 40. Mamake aliaga dunia Beadle angali mtoto mdogo, naye baba akatarajia kwamba mwanawe angelirithi jembe na shamba. Haikuwa hivyo. Mwalimu wake wa sayansi katika shule ya upili alikitambua kipawa chake, akamhimiza ajiunge na chuo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Nebraska. Alihitimu shahada ya kwanza mwaka wa 1926 na ya uzamili mwaka uliofuata.

Kutoka Nebraska alielekea Chuo Kikuu cha Cornell, ambako Rollins Emerson alikuwa akiongoza uchunguzi wa urithi katika mahindi. Miongoni mwa wenzake alikuwamo Barbara McClintock, ambaye baadaye angejipatia sifa kubwa katika taaluma hiyo hiyo. Beadle alihitimu shahada ya uzamifu mwaka wa 1931, kisha akaenda Taasisi ya Teknolojia ya California, alikokuwa Thomas Hunt Morgan, bingwa wa uchunguzi wa nzi wa matunda.

Wakati huo wataalamu walikwisha kubaini kwamba jeni zimepangwa katika kromosomu. Hata hivyo, swali kuu lilikuwa halijajibiwa: jeni hufanya kazi gani hasa? Mwaka wa 1935 Beadle alisafiri hadi Paris kushirikiana na Boris Ephrussi. Wawili hao walichukua chembe changa za macho kutoka kwa buu mmoja wa nzi na kuzipandikiza katika buu mwingine. Majaribio hayo yalidokeza kwamba rangi ya jicho hutengenezwa kwa hatua zinazofuatana, na kwamba jeni fulani hutawala hatua fulani.

Mwaka wa 1937 Beadle alihamia Chuo Kikuu cha Stanford, akamwajiri mwanakemia Edward Tatum ili wazitambue kemikali zilizohusika. Kazi hiyo iliwatoa jasho kwa miaka mingi, na mwishowe watafiti wa Ujerumani wakawatangulia kuitambua mojawapo ya kemikali hizo. Mtu mwingine angekata tamaa. Beadle aliamua kuligeuza swali lenyewe. Badala ya kuanza na jeni na kuitafuta kemikali isiyojulikana, aliona heri kuanza na kemikali zinazojulikana na kuzitafuta jeni zinazozitawala.

Kwa kazi hiyo nzi hakufaa tena. Beadle na Tatum waliichagua kuvu iitwayo Neurospora crassa. Kuvu hii hukua haraka na huhitaji chakula duni mno: sukari, chumvi chache na vitamini moja tu iitwayo biotini. Vitamini nyingine zote na asidi amino hujitengenezea yenyewe. Isitoshe, katika sehemu kubwa ya maisha yake huwa na seti moja tu ya jeni. Kwa sababu hiyo, jeni ikiharibika hakuna nyingine ya kuisitiri, na kasoro hujitokeza wazi.

Utaratibu wao ulikuwa rahisi kueleza, ingawa ulidai subira. Waliipiga kuvu kwa eksirei ili kuziharibu baadhi ya jeni. Kisha waliiacha izaane, wakatenga spora moja moja, kila moja katika mrija wake, na kuzikuza katika chakula kilichosheheni vitamini na asidi amino. Baadaye walihamisha sehemu ya kila kuvu hadi katika chakula duni. Ile iliyoshindwa kukua hapo ilikuwa imepoteza uwezo wa kujitengenezea kitu fulani. Kilichobakia ni kuiongezea kemikali moja baada ya nyingine hadi inapofufuka, na kwa njia hiyo upungufu wake ukajulikana.

Spora za mwanzo hazikuleta lolote. Ya 299 ndiyo iliyowapa jibu: haikukua mpaka ilipopewa vitamini B6. Walipoizalisha na kuvu ya kawaida, kasoro hiyo ilirithiwa kama kasoro ya jeni moja. Mwaka wa 1941 walichapisha matokeo yao, na kutokana nayo ikazuka nadharia tete kwamba kila jeni huhusika na kimeng'enya kimoja.

Si wote walioipokea nadharia hiyo kwa mikono miwili. Kwa miaka kadhaa wanabiolojia wengi waliitilia shaka. Uchunguzi wa baadaye uliirekebisha, kwa kuwa vimeng'enya vingine huundwa na jeni zaidi ya moja, na jeni nyingine hazitengenezi protini kamwe. Hata hivyo, msingi wake ulidumu. Mwaka wa 1958 Beadle na Tatum walitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Joshua Lederberg. Katika hotuba yake ya tuzo hiyo, Beadle alimtaja Archibald Garrod, tabibu Mwingereza ambaye mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa amehusisha maradhi ya kurithi na ukosefu wa vimeng'enya, lakini wenzake hawakumsikiliza. Kwa kufanya hivyo, alimrejeshea marehemu haki yake.

Kati ya 1961 na 1968 Beadle alikuwa rais wa Chuo Kikuu cha Chicago. Alipostaafu aliyarudia mahindi, zao ambalo leo ni chakula kikuu nchini Kenya. Tangu miaka ya 1930 alikuwa ameshikilia kwamba mahindi yalitokana na nyasi ya Mexico iitwayo teosinte. Mwaka wa 1939 alikuwa ameonyesha kwamba punje zake ngumu zinaweza kukaangwa zikawa bisi, hivyo binadamu wa kale angeweza kuzila. Mpinzani wake mkuu, Paul Mangelsdorf wa Harvard, aliamini kwamba mahindi yalitokana na mahindi-mwitu yaliyokwisha kutoweka. Beadle alipanda takribani mimea 50,000 ya kizazi cha pili cha mahindi na teosinte. Takribani mmoja kati ya kila 500 ulifanana kabisa na mzazi mmoja au mwingine, ishara kwamba jeni chache tu, nne au tano hivi, ndizo zilizoleta tofauti kubwa.

Beadle aliaga dunia tarehe 9 Juni 1989 huko California, kabla ya uchunguzi wa DNA kuthibitisha kwamba teosinte ndiyo asili ya mahindi. Nayo kuvu yake haikusahaulika. Wataalamu waliitumia kuchunguza jinsi chembe hai zinavyopima majira ya mchana na usiku, na mwaka wa 2003 orodha ya jeni zake, zipatazo 10,000, ilichapishwa. Mwana wa mkulima alikufa, lakini ukungu aliouhoji unaendelea kujibu maswali.